Mhariri, chumvi si dawa ya kidonda cha samaki wa bahari

Ndugu mhariri, salaam aleikum, na wasomaji wenzangu wote hamjambo.

Gazeti hili nimelisoma tangu marehemu baba akinituma dukani kulinunua, yeye akisoma habari za siasa mimi nasubiri ukurasa wa mpira, na miaka yote hio sijawahi kuwaandikia hata mstari. Leo naandika manake kuna jambo limenikaa rohoni. Mwezi jana, kwenye ule ukurasa wenu wa nyumba na familia, mlitoa maelezo kuhusu ufugaji wa samaki wa mapambo. Mengi yalikuwa mazuri. Lakini kuna sehemu mlisema samaki akionekana na kidonda, mwenye tangi aongeze chumvi vikombe viwili asubiri siku moja, na akiona hakuna nafuu aongeze tena. Hamkusema ni samaki wa maji gani. Hapo ndo shida ilipo, na shida yenyewe nimeiona kwa macho yangu siku nne tu baada ya gazeti kutoka.

Mimi nimekulia upande wa Shimoni, baba alikuwa mvuvi wa malema, ile mitego ya kutega samaki, na nilipomaliza shule niliingia kwenye kazi ya samaki wa mapambo. Nilianza na kupiga mbizi, baadae nikawa kwenye ghala la kuwatunza kabla hawajasafirishwa kwenda Ulaya na Marekani, miaka 11 kwenye hio kazi. Saa hii nahudumia matangi ya watu binafsi na ya mahoteli kuanzia Nyali mpaka Kilifi. Sijasomea udaktari wa mifugo na sijiiti daktari. Ila vidonda vya samaki nimeviona vingi kuliko siku nilizolala vizuri, na waliokufa mikononi mwangu zamani, kabla sijajua nnachokijua leo, bado nawakumbuka.

Basi siku hio napigiwa simu na kijana mmoja wa hoteli, jina lake silitaji wala la hoteli, mtoto mzuri mwenye bidii sana. Anambia kaka njoo haraka kangaja anakufa. Yule kangaja wa buluu, mwenye uso mweusi na pezi la mgongoni la manjano, samaki ambaye wageni wakiingia pale mapokezi ndo wa kwanza kumuona. Nikafika nikamkuta amejibanza kwenye kona nyuma ya jiwe, rangi imefifia imekuwa kama ya jivu, anapumua mbio mbio, na kwenye shina la mkia upande wa kushoto kuna mpasuko urefu kama wa ukucha wa kidole gumba, magamba yametoka, nyama nyeupe inaonekana na kingo zake zimekunjika kwa ndani kama karatasi iliyokauka juani. Zile kingo ndo zilinishtua. Nikapima maji. Haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, ikasoma 1.030, wakati lile tangi mimi mwenyewe naliweka kwenye 1.025 na halijawahi kupanda namna ile. Nikamuuliza umetia nini. Akatoa mfukoni kipande cha gazeti alichokikata kwa makasi vizuri kabisa, akanionyesha. Vikombe viwili vya chumvi ya jikoni jana, viwili leo asubuhi, tangi la lita 200. Mhariri, kijana hana kosa hata kidogo. Amesoma, ameamini, amefanya.

Sasa naomba nieleze kwa nini, manake nikisema tu "ni makosa" nitakuwa sijamsaidia mtu.

Ushauri wa chumvi ni wa kweli kwa samaki wa maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi kama ya mto na ziwa, wale wa dhahabu na wenzao. Samaki wa maji baridi mwilini mwake mna chumvi nyingi kuliko maji anayoogelea, kwa hio maji yanamuingia kila wakati, na akipata kidonda yanamuingia zaidi na chumvi yake inamtoka. Ukitia chumvi kidogo unampunguzia kazi. Samaki wa bahari ni kinyume chake kabisa. Damu yake ina chumvi kama theluthi moja tu ya chumvi ya bahari, kwa hio bahari inamvuta maji mwilini usiku na mchana. Ndo maana samaki wa bahari anakunywa maji, anakunywa kila siku, halafu chumvi ya ziada anaitoa kwa kupitia matamvua. Kinachomzuia asikauke ni ngozi, magamba na ule ute wake. Kidonda kwa samaki huyo ni kama ufa kwenye mtungi, maji ya mwili yanavuja pale. Samaki yuko ndani ya maji na anakufa kiu. Halafu wewe unakuja na vikombe viwili vya chumvi unaiongezea bahari nguvu ya kumvuta! Na zaidi ya hapo chumvi ya jikoni si chumvi ya bahari, haina magnesi wala kalsiamu za kutosha, hata kama ungekuwa unataka kuongeza uchumvi usingetumia hio.

Kwa hio samaki wa bahari mwenye jeraha la wazi anapunguziwa chumvi. Sio sana. Mimi nateremsha kutoka 1.025 mpaka kama 1.020, polepole kwa muda wa siku moja au mbili, kwenye tangi la pembeni la wagonjwa, si kwenye tangi kubwa lenye matumbawe na kamba na konokono, hao hawavumilii maji mepesi, yaani yenye chumvi pungufu. Na samaki akishapona kupandisha ndo kunataka subira zaidi kuliko kuteremsha, nukta moja mbili kwa siku, yaani 0.001 au 0.002, manake mwili wake unashtuka zaidi maji yakikazwa kuliko yakilegezwa.

Kangaja yule alipataje kidonda? Hapa nataka nikae kidogo manake ndo chanzo cha vidonda vingi vya samaki wa nyumbani: sisi wenyewe na wavu. Kijana alitaka kusafisha tangi akamtoa kangaja kwa wavu mdogo wa mkono. Kangaja ana kiwembe kila upande wa shina la mkia, amekilaza kwenye mfereji wake kama kisu cha kukunja, akiogopa anakifyatua. Kikinasa kwenye nyuzi za wavu hakitoki, samaki anajipinda, mtu anavuta, kinachopasuka ni nyama. Nimeona hivo hivo kwa kitatange, ana mwiba kwenye shavu unanasa vile vile, na chafi na miiba yake ya mgongoni, huyo hata wewe anakuchoma, na miiba yake ina sumu, utalia. Kule ghalani tulipoacha kutumia wavu peke yake na kuanza kuwasukuma samaki taratibu waingie kwenye mkebe wa plastiki, vidonda vilipungua wazi wazi. Mkebe wa aiskrimu wa lita 2 unatosha kwa samaki wa kiganja. Unauzamisha, unauacha hapo tangini hata nusu saa azoee, unamsukuma na mkono au na wavu kwa nyuma, akiingia unainua na maji yake. Samaki haguswi na kitu kikavu hata mara moja.

Na habari ya kukauka ndo hio hio ya ute. Watu wetu wakimsema mtu ana usingizi wa pono wanajua pono analala fofofo, wapiga mbizi wa usiku wanajua zaidi, kuna pono wanaojivika mfuko wa ute kabla ya kulala, umewafunika mwili mzima kama chandarua. Na unafanya kazi hio hio ya chandarua, unawazuia vidudu vinavyonyonya damu usiku. Samaki wengine hawana mfuko lakini wote wana ute mwilini na ute huo ndo askari wao wa kwanza. Ukimshika kwa mkono mkavu au taulo kavu, unaacha alama ya vidole mahali ambapo ute umetoka, na siku mbili tatu baadae pale pale panaota kitu. Kwa hio mkono uloweshwe, taulo iloweshwe maji ya tangi lake.

Kabla ya dawa yoyote, angalia. Wallahi hili ndo watu wanaliruka. Kaa mbele ya kioo dakika 10 usifanye lolote, mtizame. Kidonda kimetokea ghafla au kilianza kidogo kikakua? Kiko upande mmoja au pande zote mbili? Ni samaki mmoja au watatu? Jeraha la kugongwa au kung'atwa linatokea kwa mara moja, liko upande mmoja, la samaki mmoja, na kila siku linakwenda likipungua. Ugonjwa unaanza kama doa halafu unatanuka, na hivi karibuni jirani nae anao. Jicho nalo ni hivo hivo, likivimba moja mara nyingi amejigonga, yakivimba yote mawili shuku maambukizi au maji mabaya.

Umbo la kidonda nalo linasema. Kangaja akimchapa mwenzake kwa mkia anaacha mkato ulionyooka kama wa wembe. Kikande anang'ata, anaacha kipande kimeondoka cha nusu duara, mara nyingi kwenye pezi la mkia, na ukiona samaki watatu wana mapezi yamemegwa na kikande peke yake yuko mzima, ushajua mshtakiwa ni nani. Wavu unaacha mstari wa magamba yaliyong'oka na mapezi yaliyopasuka katikati ya mishipa. Pua iliyochunika ni ya samaki aliyekuwa akijisugua kwenye kioo, au aliyetoka kwenye lema, baba akiinua lema nilikuwa naona pua zao nyekundu kwa kusukuma uzi wakitafuta mlango. Ubavu mmoja ulioparara na kuchubuka duara, angalia mdomo wa pampu, amenyonywa usiku, na samaki mzima hanyonywi kirahisi kwa hio jiulize alikuwa dhaifu kwa nini. Na alama nyeupe pana ubavuni kwa samaki wavivu kama chewa au chale wanaopenda kuegemea vitu, hio yaweza kuwa hita imemuunguza. Nimeiona mara mbili. Hita ivishwe kifuniko chake cha plastiki chenye matundu, ni pesa kidogo tu.

Halafu kuna vitu ambavyo si majeraha ila watu wanavitibu kama majeraha. Wale samaki wadogo wa kijani-buluu wanaouzwa kwa makundi ya watano au kumi, karibu kila mtu anaanza nao, wanapata doa jekundu ubavuni kama damu imevilia chini ya magamba, kesho limekuwa kidonda, keshokutwa amekufa. Mwenye tangi anadhani wamepigana. Mara nyingi ni kimelea kinaitwa uronema, ni kijidudu kinachokula nyama ya samaki, na kinaingia mpaka ndani kwa misuli, dawa ya shaba haikiui na maji mepesi hayakisumbui. Huyo mtoe haraka sana kabla hajawa wawili, na hata ukiwahi, ukweli ni kwamba wengi hawaponi. Siwezi kukudanganya hapo.

Kinyume chake kuna vile vinundu vyeupe kama koliflawa kwenye ncha za mapezi, vinatisha kwa macho, watu wanavikata na mkasi, jamani! Hio ni virusi, inaitwa limfosisti, haina dawa na haihitaji dawa, samaki akila vizuri na maji yakiwa safi vinaondoka vyenyewe baada ya wiki au miezi. Ukikata ndo umefungua kidonda cha kweli. Na yale mashimo mashimo usoni na kwenye mstari wa ubavuni kwa kangaja na kitatange wa miaka mingi tangini, hio si ya kupakwa dawa, mara nyingi inahusishwa na lishe, na pia vumbi la mkaa wa filta limethibitishwa kwamba linaleta. Mkaa uoshwe mpaka maji yatoke meupe kabisa, au uutoe. Zile nukta nyeupe kama chembe za chumvi mwili mzima ni habari nyingine kabisa ya vimelea, hapo ndo shaba inafanya kazi, kwenye tangi la pembeni na kwa kupima kila siku, na sitaingia huko leo.

Turudi kwa kangaja. Kwanza maji ya tangi kubwa nikayabadilisha kidogo kidogo mpaka chumvi ikarudi 1.025 jioni. Nikatayarisha beseni la lita 60, halina mchanga wala mawe, ndani nikaweka vipande viwili vya paipu ya plastiki ya inchi 4 ajifiche, hita kwenye nyuzi 26, na filta ya sponji ambayo huwa naiacha siku zote nyuma ya tangi kubwa ili bakteria wazuri wawe tayari wamo. Hii sponji msiidharau. Beseni jipya halina bakteria wa kula uchafu, samaki anakojoa na kupumua amonia inapanda, na kwenye maji ya bahari ambayo yana alikali, amonia ile ile kidogo inakuwa na sumu kali zaidi kuliko kwenye maji baridi. Wengi wanasema "nilimtenga akafa hata hivo", kumbe si kidonda kilichomuua, ni amonia ya kule alikotengwa. Mimi nilikuwa nabadilisha robo ya maji kila siku, maji ya bahari niliyoteka wakati wa maji kujaa mbali na mlango wa mto, manake siku za masika ukiteka karibu na mto Mtwapa juu juu unapata maji mepesi na tope.

Nikamuingiza kwenye mkebe, nikamuogesha kwenye ndoo yenye methilini bluu, ile dawa ya buluu ya kuua vijidudu, kwa nusu saa, maji ya kiwango kile kile cha joto na hewa inaingia. Halafu nikamlaza kwenye taulo lililolowa, ncha ya taulo nikamfunika macho, samaki akiwa gizani anatulia, hilo jambo dogo lakini linafanya tofauti kubwa. Kijana akashika kichwa taratibu. Nikachovya kijiti cha pamba kwenye ayodini, ile dawa ya kahawia ya vidonda ya hospitali, niliyoizimua kwa maji safi, nikagusa kidonda tu, gusa, gusa, gusa, nikihakikisha haitiririki kuelekea kwenye tamvua wala jicho. Nikahesabu sekunde 10, nikamwagia maji kidogo kuelekea mkiani, nikamrudisha. Muda wote aliokuwa nje ya maji haukufika dakika moja. Aliingia kwenye paipu hakutoka mpaka asubuhi.

Antibayotiki sikumpa, na nataka wasomaji waelewe kwa nini. Kidonda kilikuwa kibichi na safi, kingo hazikuwa na wekundu. Kingo zikianza kuwa nyekundu kama zimepakwa hina, au ukaona mistari ya damu kwenye mapezi, au pamba pamba ya kijivu imeota juu, au ameacha kula, hapo bakteria wameingia, mara nyingi wa jamii ya vibrio, na unahitaji antibayotiki na ushauri wa daktari wa mifugo. Msikimbilie duka la dawa kununua tetrasaiklini ya vidonge kumwaga kwenye maji. Mnajua mtu akipewa tetrasaiklini anaambiwa asinywe na maziwa? Ni kwa sababu kalsiamu ya maziwa inaikamata dawa isifanye kazi. Basi maji ya bahari yamejaa kalsiamu na magnesi, dawa inakamatwa humo humo kabla haijamfikia samaki, wewe umetupa pesa na bakteria wamepata kiasi kidogo cha kujifunzia kuizoea. Dawa nyingine zinafaa kwenye maji ya chumvi, na nyingine ni bora zikachanganywa na chakula, lakini hayo ni ya daktari kusema na dozi imalizwe yote. Na kamwe zisitiwe kwenye tangi kubwa, zinaweza kuua wale bakteria wazuri wote.

Siku ya pili juu ya kidonda palikuwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga, kama ile ngozi ya ndani ya yai. Hio ndo dalili njema nnayoitafuta. Kidonda cha samaki hakifanyi gaga kama letu, ngozi ya pembeni inatambaa yenyewe inafunika, na kwa kidonda kidogo inaweza kuanza kufunika ndani ya siku moja tu. Mtu asiyejua anadhani ule utando ni usaha anausugua, anarudisha kazi mwanzo. Uacheni. Siku ya tatu alikula, nilimfungia mwani mkavu kwenye klipu nikauchovya vitamini, akaunyofoa mara mbili akarudi kwenye paipu, siku ya tano anakula mpaka kamba waliosagwa. Kufika siku ya tisa kingo zikawa nyeusi. Kijana akanipigia simu amejawa na hofu, anasema kaka inaoza, nikamwambia tulia, weusi ule ni rangi ya ngozi inayorudi, hutangulia kabla ya rangi yenyewe. Pezi lililochanika huwa linaota tena ilimradi shina lake halikuondoka, magamba nayo yanarudi. Leo ni siku ya 19, amerudi tangi kubwa juzi, ana mstari mweusi mwembamba pale kwenye mkia na kiwembe chake kiko.

Kuna jambo jingine naomba mlichapishe hata kama mtapunguza mengine. Mkiwa na kidonda mkononi msiingize mkono kwenye tangi la samaki mgonjwa. Mwenzangu mmoja wa ghalani alikwaruzwa na mwiba kwenye kidole akapuuza, baada ya wiki kadhaa pakaota kinundu, kikapasuka, kikaota kingine juu yake kuelekea kiganjani, alitibiwa kwa miezi na mwanzo kila daktari anampa dawa tofauti kwa vile hakusema anafanya kazi gani. Ni bakteria wa jamii moja na wa kifua kikuu, wanaishi kwenye maji ya samaki. Glovu za mpira, na ukienda hospitali sema, mimi nashika samaki.

Na kwa ndugu zangu wapiga mbizi wanaowatoa samaki chini, najua wengi mnalisoma gazeti hili vibandani asubuhi, ile sindano ya kutoboa kibofu cha hewa samaki akipandishwa kutoka kina kirefu, nayo ni kidonda. Mkiweza kupandisha polepole kwa kusimama njiani, pandisheni polepole. Najua baridi, najua hewa ya mtungi ni pesa na boti inangoja. Lakini samaki anayefika nchi kavu bila tundu ndo anayefika mbali akiwa hai, na nyinyi mnalipwa kwa aliye hai.

Mhariri, sikuandika haya kuwavunjia heshima. Ukurasa wenu unasomwa na watu wanaouamini, yule kijana alikata karatasi akaiweka mfukoni kama dawa aliyoandikiwa na daktari. Naomba toleo lijalo mchapishe marekebisho, mahali pale pale mlipochapisha yale ya mwanzo, hata ikiwa mistari miwili: chumvi ni kwa samaki wa maji baridi tu, wa bahari mwenye kidonda asiongezewe chumvi. Mkisubiri mpaka mwezi ujao kuna mtu saa hii ana samaki amejibanza kwenye kona na yeye ameshika kikombe anaelekea jikoni.

Wenu msomaji,
Mtwapa, Kilifi